Marehemu Colin Chapman na Vita Vyake Dhidi ya Uzito

Kila askari aliyewahi kutembea kilomita 30 akiwa na mzigo mgongoni anajua kwamba kilo moja ya asubuhi si kilo moja ya alasiri. Mwingereza Colin Chapman, muundaji wa magari ya Lotus, aliifahamu kanuni hiyo kwa upande wa magari pengine kuliko mtu mwingine yeyote wa zama zake. Kwa kuifuata aliwashinda matajiri waliokuwa na injini kubwa mara mbili ya zake. Lakini kanuni hiyo hiyo ilimfikisha penye swali zito, ambalo wakaguzi walimwuliza usoni mwaka 1962 naye akaondoka kwa hasira: je, mhandisi apunguze uzito hadi wapi kabla hajaanza kuupunguza usalama wa mtu aliyeshika usukani?

Chapman alizaliwa Richmond, karibu na London, tarehe 19 Mei 1928. Baba yake alikuwa msimamizi wa hoteli katika mtaa wa Hornsey, kaskazini mwa jiji hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili kijana huyo aliingia Chuo Kikuu cha London kusomea uhandisi wa miundo, yaani elimu ya boriti, madaraja na mapaa. Wakati huo huo alifanya biashara ya kununua na kuuza magari makuukuu. Biashara ilishamiri hadi mwaka 1947, Serikali ya Uingereza ilipofuta mgao wa petroli kwa wananchi wa kawaida. Bei zilianguka, faida ikayeyuka, na mkononi mwake likabaki gari moja tu, Austin Seven ya zamani isiyokuwa na mnunuzi. Alilibomoa gari hilo katika banda la nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, akalijenga upya kwa mbao nyembamba na bati la aluminiamu. Hiyo ndiyo Lotus ya kwanza.

Itawapendeza wasomaji wetu kujua kwamba Chapman naye alivaa sare. Alijifunza urubani katika kikosi cha anga cha chuo kikuu, na mwaka 1948 akaingia katika Jeshi la Anga la Uingereza kwa utumishi wa muda mfupi. Hakukaa. Mwaka uliofuata alitoka, akairudia karatasi ya hisabati iliyokuwa imemwangusha chuoni, akapata shahada yake, kisha akaajiriwa na kampuni ya aluminiamu. Hata hivyo, alichojifunza katika jeshi hakikupotea. Ndege haisamehe uzito wa bure, na mtu aliyezoea kuitazama ndege hawezi tena kulitazama gari kama fundi wa mtaani anavyolitazama.

Mwaka 1952 alianzisha kampuni katika banda la farasi la zamani nyuma ya hoteli ya baba yake, kwa mkopo wa pauni 25 kutoka kwa Hazel, ambaye alimwoa mwaka 1954. Mchana alifanya kazi ya kuajiriwa, usiku alichora na kuchomelea. Gari lililomtambulisha lilikuwa Lotus Mark VI. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na fremu ya vyuma viwili vinene mithili ya ngazi, vilivyokuwa vizito na bado vikipinda. Chapman aliyatumia masomo yake ya madaraja. Aliunganisha bomba nyembamba za chuma kwa pembe tatu, ili kila bomba livutwe au lisukumwe tu, lisipindwe. Fremu tupu ya gari hilo ilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Mtu mmoja aliweza kuibeba. Wanunuzi waliuziwa vipande wakaviunganishe wenyewe nyumbani, kwa kuwa sheria ya kodi ya Uingereza haikulitoza gari lisilounganishwa kiwandani.

Yafaa hapa tueleze kwa nini wepesi una thamani kubwa hivyo. Injini kubwa humsaidia dereva mahali pamoja tu, kwenye barabara iliyonyooka. Wepesi humsaidia kila mahali. Gari jepesi huondoka haraka, husimama haraka, na hupinda kona bila kuyachosha magurudumu. Hunywa petroli kidogo, kwa hiyo hubeba petroli kidogo, na kwa hiyo huwa jepesi zaidi. Katika mashindano ya saa 24, gari linalosimama mara chache kuongeza mafuta na kubadilisha tairi hupata ushindi ambao watazamaji hawauoni.

Moyo wa magari hayo ulitoka mahali ambapo wengi hawangepadhania. Miaka ya baada ya vita, Serikali ya Uingereza ilihitaji pampu za zimamoto zenye nguvu zaidi na nyepesi zaidi kuliko zile zilizotumika wakati wa mabomu ya London. Kampuni ya Coventry Climax ilibuni kwa ajili hiyo injini ndogo ya aluminiamu iliyoweza kubebwa pamoja na pampu yake. Wenye magari ya mashindano walipoiona wakaitaka. Ikaongezwa ukubwa hadi sentimita za ujazo 1,098, na mwaka 1956 Chapman akaitia ndani ya Lotus Eleven. Bodi ya gari hilo la chini na laini kama samaki ilichorwa na Frank Costin, mtaalamu wa ndege.

Lotus Eleven ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 400 na kitu. Mwaka huo huo, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, Reg Bicknell na Peter Jopp walilifikisha nafasi ya 7 kati ya magari yote na kushinda katika daraja la injini za lita 1.1. Stirling Moss alilizungusha gari la aina hiyo katika uwanja wa Monza, Italia, kwa mwendo wa kilomita 230 kwa saa. Mwaka 1957 Lotus walirudi Le Mans. Cliff Allison na Keith Hall, kwa injini ya sentimita za ujazo 744 tu, walitwaa tuzo ya utendaji, ambayo ilitolewa kwa kulinganisha umbali uliokwenda gari na udogo wa injini yake. Wafaransa walikuwa wameizoea tuzo hiyo kama mali yao. Herbert Mackay-Fraser na mwenzake Jay Chamberlain walishinda daraja la lita 1.1. Hazikupita wiki nyingi, Mackay-Fraser akauawa huko Reims akiendesha Lotus.

Baada ya hapo ikafuata Lotus Elite, gari zuri la barabarani lenye bodi ya fiberglasi inayojibeba bila fremu kamili ya chuma. Lilishinda daraja lake Le Mans kila mwaka kuanzia 1959 hadi 1964. Lakini gari ninalotaka kulizungumzia zaidi ni Lotus 23 ya mwaka 1962, ambalo liliundwa kwa idadi ya magari 130 hivi tu.

Injini ya Lotus 23 ilikuwa nyuma ya dereva. Uzito wake ulikuwa kilo 400 hivi, na baadhi ya bomba za fremu zilifanya kazi mbili: zilibeba gari na pia zilipitisha maji ya kupozea injini. Hiyo ndiyo akili ya Chapman. Hakupenda kuona kipande cha chuma kinachofanya kazi moja wakati kingeweza kufanya mbili.

Tarehe 27 Mei 1962 gari hilo lilipelekwa Nürburgring, Ujerumani, katika mashindano ya kilomita 1,000. Mzunguko mmoja wa uwanja huo ulikuwa kilomita 22.8 za kona, milima na misitu. Dereva alikuwa Jim Clark, mfuga kondoo kutoka Scotland. Injini yake mpya ya lita 1.5 ilitoa nguvu za farasi 100 hivi, nayo ilijengwa juu ya bloku ya injini ya Ford ya kawaida. Bloku hiyo haikuwa ngeni kwetu: ni ya ukoo mmoja na ile ya Cortina GT iliyoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964, katika matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Wapinzani wa Clark walikuwa Porsche na Ferrari, nyingine za lita 4.

Barabara ilikuwa imelowa mvua. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, gari dogo likatokea peke yake mbele ya majukwaa. Watu walitazama nyuma yake wakingoja. Zilipita sekunde 27 ndipo gari la pili likaonekana. Clark aliendelea kuongoza, na barabara ilipoanza kukauka wenye injini kubwa walianza kumkaribia polepole. Baada ya mizunguko 11 moshi wa ekzosi iliyoharibika ulimlevya akatoka barabarani. Ushindi ulikwenda kwa Ferrari, lakini jioni ile mazungumzo yalikuwa juu ya gari lililoanguka.

Mwezi uliofuata Chapman alipeleka magari mawili ya Lotus 23 Le Mans. Wakaguzi waliyakataa. Yalikuwamo makosa kadhaa madogo, ambayo mafundi waliyarekebisha. Kosa kubwa lilihusu magurudumu: ya mbele yalifungwa kwa bolti nne, ya nyuma kwa bolti sita, hivyo gurudumu moja la akiba lisingefaa pande zote mbili. Chapman aliagiza vitovu vipya vya bolti nne vitengenezwe Uingereza na kuletwa kwa ndege. Vilipofungwa, wakaguzi wakasema kwamba ikiwa mbunifu mwenyewe aliona bolti sita ni lazima, basi nne hazitoshi. Magari yakakataliwa moja kwa moja. Chapman aliapa kwamba timu yake ya kiwanda haitakanyaga tena Le Mans, na kiapo hicho alikitimiza hadi kufa.

Waandishi wengi wa Uingereza wameliona jambo hilo kuwa hila za Wafaransa waliokuwa wakizilinda tuzo zao. Inawezekana. Lakini mimi naona yafaa kuwatendea haki wakaguzi wale. Katika uwanja huo huo, mwaka 1955, watu zaidi ya 80 waliuawa gari liliporuka na kuwaangukia watazamaji. Na mwaka 1960 huko Spa, Ubelgiji, kitovu cha gurudumu la nyuma la Lotus ya Stirling Moss kilikatika gari likiwa katika mwendo mkali, Moss akavunjika miguu. Siku hiyo hiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika, naye hakushindana tena. Hata kama hila ilikuwapo, swali lenyewe la bolti ngapi zinatosha lilikuwa na haki ya kuulizwa.

Chapman hakulijibu kwa maneno. Alijibu kwa ushindi: Lotus ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara saba kati ya 1963 na 1978, na Clark akashinda Indianapolis mwaka 1965. Clark mwenyewe aliuawa Hockenheim tarehe 7 Aprili 1968, yaelekea kwa sababu ya tairi iliyopungua upepo. Mwaka uliofuata mabawa ya magari mawili ya Lotus yalivunjika katika mashindano ya Barcelona. Mmoja wa madereva walionusurika, Jochen Rindt, alimwandikia Chapman barua akimsihi aongeze kilo chache katika sehemu zilizo dhaifu, maana magari yalikuwa na mwendo wa kutosha kuzimudu. Tarehe 5 Septemba 1970, katika mazoezi ya Monza, mhimili wa breki ya mbele ya Lotus 72 ulikatika, Rindt akafa. Pointi alizokuwa amekwisha jikusanyia zilitosha kumfanya bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Kiwanda kilikuwa kimehamia Hethel, Norfolk, mwaka 1966, katika uwanja wa ndege uliotumiwa na ndege za mabomu za Wamarekani wakati wa vita. Huko ndiko Chapman aliingia katika mambo ya kampuni ya DeLorean, ambamo mamilioni ya dola yaliyokusudiwa kazi ya ufundi yalipotelea katika akaunti za nje. Mkurugenzi wake wa fedha, Fred Bushell, alifungwa mwaka 1992. Jaji alieleza kwamba, kama Chapman angekuwa hai kushtakiwa, kifungo chake kisingepungua miaka kumi.

Hakuwa hai. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na miaka 54. Siku hiyo hiyo, katika uwanja wa Snetterton, mafundi wake walikuwa wakilijaribu kwa mara ya kwanza gari la mashindano ambalo springi zake ziliongozwa na kompyuta na pampu za mafuta.