Daniel Webster: Wakili aliyesaidia kuvunja ukiritimba wa meli New York

Mwanzoni mwa miaka ya 1820, mwenye meli ya mvuke aliyetaka kupeleka abiria New York kutoka jimbo jirani la New Jersey alikuta njia imefungwa. Bunge la New York lilikuwa limewapa Robert Livingston na Robert Fulton haki ya pekee ya kuendesha meli hizo katika maji ya jimbo. Wengine walipaswa kununua kibali kutoka kwao.

Aaron Ogden alinunua. Thomas Gibbons, aliyewahi kuwa mshirika wake, alikataa. Akiwa na leseni ya serikali kuu, aliendelea kubeba abiria. Ogden alimshtaki, na mahakama za New York zikamzuia Gibbons.

Katika Mahakama ya Juu ya Marekani, Gibbons aliwakilishwa na Daniel Webster. Mtoto huyo wa mkulima, aliyezaliwa New Hampshire mwaka 1782, alianza uwakili mwaka 1805 na kuingia bungeni mwaka 1813. Wakati wa kesi alikuwa mbunge wa Massachusetts.

Webster alidai kuwa biashara baina ya majimbo inasimamiwa na Bunge la taifa pekee. Jaji Mkuu John Marshall hakufika mbali kiasi hicho. Hata hivyo, Machi 2, 1824 aliamua kuwa usafiri wa majini ni sehemu ya biashara, na kwamba leseni ya serikali kuu ina nguvu kuliko haki ya pekee iliyotolewa na jimbo. Njia ikafunguka.

Webster hakuwa mtu asiye na doa. Mwaka 1824 alipinga kupandishwa kwa ushuru wa forodha, lakini mwaka 1828, akiwa seneta, aliuunga mkono baada ya matajiri wa jimbo lake kuwekeza viwandani. Aidha, alilipwa na Benki ya Marekani huku akiitetea bungeni.

Mwaka 1842, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisaini na Lord Ashburton wa Uingereza mkataba uliomaliza mgogoro wa mpaka wa Maine na New Brunswick. Mwaka 1850 aliunga mkono sheria ya kurejesha watumwa waliotoroka, na wengi wa kaskazini wakamgeuka. Alifariki Oktoba 24, 1852.

Hukumu ya 1824 bado ni msingi wa sheria za biashara baina ya majimbo ya Marekani.