Ewart Grogan: Aliyeleta samaki wa starehe, wakazaa biashara

MKAZI wa Gorong'a, wilayani Tarime, akiteremka Mto Mara na ndoana yake huwa anatafuta kitoweo. Akibahatika kupata kambare, ningu au kuyu wawili watatu, mmoja anaingia chunguni na waliobaki wanauzwa. Mwambie kwamba yuko mtu anayepanda ndege, analipia kibali, analala hotelini siku tatu, anavua samaki mmoja kisha anamrudisha majini akiwa hai, naye atakuuliza kama mtu huyo ana akili timamu.

Watu wa aina hiyo ni wengi duniani, na fedha zao zinalisha familia nyingi katika nyanda za juu za Kenya. Aliyewafungulia njia katika Afrika Mashariki ni Mwingereza mmoja mbishi na mkorofi, Ewart Scott Grogan.

Grogan alizaliwa London mwaka 1874 katika familia ya watoto 21. Shule ilimshinda kwa utundu, na Chuo Kikuu cha Cambridge nacho alikiacha bila shahada. Mwaka 1896 alikuwa kusini mwa Afrika akipigana katika vita vya Wamatabele. Baadaye alimpenda binti mmoja, Gertrude Watt, lakini baba wa kambo wa binti huyo hakuona mali wala kazi ya maana kwa kijana huyo. Grogan akaamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: kuvuka bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, sehemu kubwa kwa miguu. Alianza mwaka 1898, akapitia Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu, akafika Cairo mwaka 1900. Mwaka huohuo akamuoa Gertrude.

Mwaka 1904 alifika Kenya, wakati huo ikiitwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza. Alikuwa na macho ya mfanyabiashara. Aliona misitu, akaomba haki ya kuvuna mbao. Aliona bonde la maji jijini Nairobi, akalichukua. Na alipopanda milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, aliona mito yenye maji baridi, safi, yanayokwenda kwa kasi juu ya mawe, lakini haikuwa na samaki aliyemzoea kwao.

Samaki huyo ni trauti. Kwa Waingereza wa tabaka lake, mto bila trauti ulikuwa kama shamba lisilopandwa.

Ili kuelewa kwa nini mtu atumie fedha nyingi kwa ajili ya samaki ambaye hana haja naye mezani, ni vema kujua namna anavyovuliwa. Trauti hula wadudu wanaoelea juu ya maji au wanaopanda kutoka chini. Mvuvi hatumii minyoo. Anatengeneza mdudu wa bandia kwa kufunga manyoya ya ndege na uzi kwenye ndoana ndogo, wakati mwingine isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele. Ndoana hiyo ni nyepesi mno hata haiwezi kurushwa peke yake. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio unaofanywa mzito. Mvuvi anaupunga hewani mbele na nyuma kwa ufito mrefu unaopinda, kisha anauachia ulale juu ya maji polepole, na mdudu wa bandia atue kama mdudu wa kweli.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mvuvi lazima ajue ni mdudu gani anaruka jioni hiyo. Kivuli chake kisiangukie maji. Asikanyage jiwe likalia. Trauti anaona vizuri, na akishuku tu, haji tena. Mtu anaweza kusimama ndani ya maji baridi tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kupata kitu, akarudi nyumbani amefurahi, kwa sababu kwa saa sita hakuwaza deni, mwajiri wala mahakama. Mkulima aliyewahi kuketi ukingoni na ndoana baada ya msimu wa palizi anaijua raha hiyo, ingawa yeye hakuilipia.

Mwaka 1905 Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland. Haikuwa kazi ndogo. Mayai ya samaki huyo yakipata joto yanakufa, na safari ilikuwa ya meli hadi Mombasa kupitia bahari za joto, kisha reli. Kutoka reli hadi Mto Gura, ndani ya Nyandarua, hapakuwa na barabara. Wapagazi Waafrika ndio walioyapandisha mlimani kwa miguu, katika baridi na matope. Majina yao hayakuandikwa popote, ingawa kama mmoja wao angeteleza, historia ya trauti wa Kenya ingeanza mwaka mwingine.

Samaki walistawi. Kufikia mwaka 1910 aina nyingine, trauti wa upinde wa mvua, ililetwa kutoka Afrika Kusini. Mito ya Mlima Kenya nayo ikapandikizwa. Uvuvi huo ukawekewa vibali na masharti, na kwa miaka mingi ukabaki starehe ya walowezi. Mwenyeji aliyekuwa amekaa kando ya mto tangu babu zake akajikuta mgeni mtoni.

Na hapa haifai kumpamba Grogan. Machi 1907 aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, Wakikuyu waliokuwa wakivuta rikisho, akidai wamewakosea heshima wanawake wa Kizungu. Serikali ya kikoloni yenyewe ilimhukumu kifungo cha mwezi mmoja. Walowezi wengi walimshangilia. Mtu aliyekuwa na subira ya kumngoja samaki nusu siku hakuwa na subira hata kidogo kwa wavuta rikisho.

Baadaye alijenga gati la Mbaraki, Mombasa, na mwaka 1928 Hoteli ya Torr's, Nairobi. Alilima mkonge Taveta, karibu kabisa na mpaka wa Tanganyika, ambako alijenga jumba juu ya kilima. Baada ya Gertrude kufariki mwaka 1943, alitoa ardhi Muthaiga ikajengwa hospitali ya watoto yenye jina la mkewe, iliyofunguliwa mwaka 1947 na ambayo hadi leo inatibu.

Wazo la kupandikiza samaki kwa ajili ya starehe halikuishia Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mayai ya trauti yaliletwa Tanganyika, yakapelekwa katika mito ya nyanda za juu za kaskazini na kusini. Wakazi wa Mara wanajua mfano mkubwa zaidi. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, moja ya hoja zilizotolewa ilikuwa kwamba ni samaki mzuri wa kuvua kwa burudani. Akageuka kuwa zao la viwanda vya minofu Mwanza na Musoma, huku aina nyingi za furu zikitoweka. Anayepandikiza samaki mgeni hajui mwisho wake.

Trauti hakuleta msukosuko wa namna hiyo, kwa kuwa joto linamfungia juu milimani. Maji yakizidi nyuzi 20 za Selsiasi anaanza kuteseka. Ndiyo maana hakuna faida kwa mfugaji wa Gorong'a kumtamani. Mto Mara ukifika huku umeshapata joto na tope, na bwawani sato au kambare ndio wanaofaa. Majaribio ya kufuga sato yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya Kenya kujenga vituo vya samaki vya Sagana na Kiganjo. Kiganjo ndiko vinakotoka vifaranga vya trauti.

Huko Mlima Kenya sasa wako wafugaji wa trauti wanaouzia hoteli, wako waongoza wageni, na wako wenye nyumba za kulala wavuvi. Mwaka 2010 mwana wa mfalme wa Uingereza wa sasa, William, alimchumbia mkewe Kate huko Rutundu, kambi ya wavuvi wa trauti, na jina la mahali hapo likazunguka dunia bila tangazo la kulipia. Wako pia wafungaji wa wadudu wa bandia. Kenya imekuwa miongoni mwa nchi zinazouza nje ndoana hizo kwa wingi, nyingi zikifungwa kwa mikono ya akina mama, kwa manyoya ya shingo ya jogoo. Manyoya bora hutoka kwa majogoo waliofugwa Marekani kwa kazi hiyo tu, na mfugaji wa kuku wa kienyeji akisikia bei yake huenda asiamini.

Grogan alifariki Cape Town, Agosti 1967, akiwa na miaka 92. Barabara ya Nairobi iliyokuwa na jina lake ikaitwa Kirinyaga, ingawa wafanyabiashara wanaovuka mpaka kwenda kununua vipuri vya magari bado husema wanakwenda Grogan. Trauti wangali wapo Mto Gura, na kibali cha kuwavua sasa anaweza kukikata yeyote mwenye fedha.