Ugo Cerletti

Ugo Cerletti (Conegliano, 26 Septemba 1877 – Roma, 25 Julai 1963) alikuwa daktari wa neva na magonjwa ya akili kutoka nchini Italia. Anajulikana hasa kwa kuanzisha tiba ya mshtuko wa umeme mwaka 1938, akishirikiana na msaidizi wake Lucio Bini. Tiba hiyo inatumika hadi leo, hasa kwa wagonjwa wenye sonona kali. Lawama kubwa inayotolewa dhidi yake ni kwamba inadhuru kumbukumbu.

Masomo na kazi ya awali

Cerletti alisomea udaktari Torino na Roma. Baadaye alikwenda Ufaransa na Ujerumani, akajifunza kwa mabingwa wa wakati ule, wakiwemo Franz Nissl, Emil Kraepelin na Alois Alzheimer. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuchunguza ubongo kwa hadubini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipendekeza askari wanaopigana milimani wavae sare nyeupe ili wasionekane kwenye theluji. Baada ya vita alifanya kazi karibu na Milano, kisha akafundisha katika vyuo vikuu vya Bari na Genova. Mwaka 1935 alihamia Roma kuongoza kliniki ya chuo kikuu ya magonjwa ya neva na akili.

Utafiti wa kifafa

Alipokuwa Genova, Cerletti alitaka kujua kama uharibifu unaoonekana katika hipokampasi ya watu wenye kifafa ni chanzo cha degedege au ni matokeo yake. Ili kupata jibu aliwatia mbwa degedege kwa umeme. Wakati huo wataalamu hawakujua bado kwamba sehemu hiyo ya ubongo ni muhimu sana katika kuhifadhi kumbukumbu mpya. Jambo hilo lilithibitishwa miaka ya 1950.

Mwaka 1934 daktari Ladislas Meduna wa Budapest alianza kutibu skizofrenia kwa kusababisha degedege, kwanza kwa kafuri na kisha kwa sindano ya kardiazoli. Wagonjwa wengine walipata nafuu, lakini waliiogopa mno sindano ile, kwa sababu kabla ya degedege kuanza walipatwa na hofu kali wakiwa na fahamu zao. Cerletti alifikiri umeme ungeondoa mateso hayo.

Hatari ilikuwa kifo. Mbwa wengi wa majaribio walikufa kwa sababu umeme ulipita kwenye moyo. Bini alionyesha kwamba ni salama zaidi kuupitisha kichwani tu, kutoka upande mmoja wa paji hadi mwingine. Katika machinjio ya Roma, Cerletti aliona nguruwe wakizimishwa kwa umeme kabla ya kuchinjwa. Majaribio yaliyofanywa hapo yalithibitisha kwamba kipimo cha kuleta degedege kiko mbali na kipimo cha kuua.

Mgonjwa wa kwanza

Mnamo Aprili 1938 polisi walileta kliniki mwanamume aliyekutwa akirandaranda kwenye stesheni ya treni ya Roma, akizungumza maneno yasiyoeleweka. Mshtuko wa kwanza ulikuwa mdogo mno, wala haukuleta degedege. Mgonjwa alisema waziwazi kwamba hataki kurudiwa, na baadhi ya madaktari waliokuwepo walishauri kusubiri. Hata hivyo Cerletti aliamuru umeme uongezwe, na degedege ikatokea. Uamuzi huo wa kuendelea bila ridhaa ya mgonjwa unajadiliwa mpaka sasa katika maadili ya udaktari.

Mgonjwa alipozinduka alikuwa mtulivu. Alipoulizwa yaliyompata, alijibu kwamba hajui, pengine alikuwa amelala. Kwa Cerletti jibu hilo lilikuwa habari njema: kusahau kulimwondolea mgonjwa hofu ambayo kardiazoli iliiacha. Baada ya kupewa tiba mara kadhaa, mtu huyo aliruhusiwa kurudi nyumbani, ingawa baadaye dalili zilimrudia.

Kuenea kwa tiba na tatizo la kumbukumbu

Katika miaka michache tiba ilienea Ulaya na Marekani. Ilibainika kwamba inasaidia zaidi sonona kuliko skizofrenia. Mwanzoni ilitolewa bila nusukaputi, na wagonjwa wengine walivunjika mifupa. Katika hospitali kadhaa ilitumiwa hata kuwatisha wagonjwa wasumbufu.

Hatimaye usahaulifu ule ulioonekana kuwa faida ndio uliogeuka kuwa lalamiko kuu. Mgonjwa anaweza kusahau matukio ya majuma au miezi iliyotangulia matibabu, na kwa muda hushindwa kushika mambo mapya. Kwa kawaida uwezo wa kujifunza hurudi baada ya majuma machache, lakini baadhi ya kumbukumbu za zamani hazirudi kabisa.

Siku hizi mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi na kupewa dawa ya kulegeza misuli. Mara nyingi umeme hupitishwa upande wa kulia wa kichwa tu, kwa mapigo mafupi sana, ili kupunguza usahaulifu. Kumbukumbu hupimwa kabla na baada ya tiba. Watafiti wengine wamejaribu pia kuwapa wagonjwa mazoezi ya kumbukumbu, lakini ushahidi wa manufaa yake bado ni mdogo. Shajara, picha na msaada wa jamaa humwezesha mgonjwa kujua tena yaliyompita, hata pale ambapo hawezi kuyakumbuka mwenyewe.

Miaka ya mwisho

Cerletti mwenyewe hakuridhika na mshtuko wa umeme. Aliamini kwamba ubongo unapopigwa na degedege hutengeneza kemikali za kujikinga, na kwamba hizo ndizo zinazoponya. Alitayarisha sindano kutokana na bongo za nguruwe waliopitishiwa umeme, akitumaini siku moja kuachana na mashine yake. Wanasayansi wenzake hawakuipokea njia hiyo. Alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel lakini hakuipata. Alifariki mjini Roma akiwa na umri wa miaka 85.