Kirk, Mkonge na Kipindi Nilichokosea

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka jana, niliacha vitu vitatu kwenye dirisha la chumba chetu cha hosteli: kipande cha sabuni, kitini cha saikolojia ya elimu na mmea mmoja kwenye kopo la rangi. Nilirudi baada ya karibu miezi miwili. Sabuni ilikuwa imepasukapasuka kwa jua, kitini kimefifia, lakini mmea ulikuwa vilevile, majani yake manene yenye mabakabaka yamelalia ukingo wa kopo kana kwamba niliondoka jana. Hakuna aliyeumwagilia hata tone. Kiukweli niliununua bumu lilipotoka kwa sababu moja tu: muuzaji wa miche barabarani alinihakikishia kwamba hata mvivu hawezi kuuua.

Mwenzangu wa chumba anasoma botania. Alinieleza kwamba mmea huu hutunza maji ndani ya majani, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku wakati hewa imepoa, ndiyo maana haupotezi maji ovyo mchana. Kisha akanitajia jina lake la kitaalamu, lile lililotumika zaidi ya miaka mia moja: Sansevieria kirkii. Hapo nikashtuka. Huyo Kirk nilikuwa nimetoka kufundisha mada iliyomhusu, kidato cha pili, na sikumtaja hata mara moja.

Basi nikaanza kumsoma.

John Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832, mtoto wa mchungaji. Alisomea udaktari Edinburgh, akahudumu katika hospitali ya majeruhi wa vita vya Crimea, na mwaka 1858 akaja Afrika na Livingstone kwenye safari ya mto Zambezi. Kazi yake ilikuwa mbili: kutibu watu na kukusanya mimea. Hiyo ya pili ndiyo aliyoipenda. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka. Aliokoka yeye, lakini madaftari yake na michoro ya mimea ya miaka miwili ilikwenda na maji. Mtu yeyote aliyewahi kupoteza flashi yenye utafiti wake wiki ya kukusanya kazi anaweza kukisia usiku ule ulikuwaje. Yeye aliendelea kukusanya hadi alipoondoka kwenye msafara ule mwaka 1863, akiwa mgonjwa na amechoshwa na Livingstone.

Mwaka 1866 akafika Zanzibar kama daktari wa ubalozi wa Uingereza. Alikaa huko miaka ishirini hivi, akapanda hadi kuwa balozi mwenyewe. Mbweni, kusini mwa mji, alikuwa na nyumba na bustani aliyojaza miche ya kila namna, na masanduku yake ya mimea yalikuwa yakivuka bahari kwenda bustani ya Kew, London. Kima punju wa Jozani naye ana jina la Kirk kwa kitaalamu, na dikidiki pia. Jamaa alipewa majina mengi, tuseme ukweli.

Mmea wangu ulikwenda Kew kwa njia hiyo hiyo, kutoka pwani yetu, na mwaka 1887 mtaalamu wa huko, Baker, akauandika rasmi kwa jina la Kirk. Kew hawakuutaka kwa ajili ya urembo. Waliutaka kwa sababu ya kamba. Watu wa pwani walikuwa wakiparua majani ya mimea ya jamii hii na kusokota nyuzi zake tangu zamani, na Waingereza wakaita nyuzi za huu wa kwangu katani ya Pangani. Neno mkonge lenyewe lilikuwa la mimea hii kabla Mjerumani Richard Hindorf hajaleta mkonge wa Marekani Tanga mwaka 1893. Mgeni akachukua mashamba, akachukua na jina. Wa zamani ukabaki porini, na baadaye kwenye madirisha ya Wazungu, na sasa kwenye kopo langu. Nani alimwonyesha Kirk mmea huo, au nani aliubeba hadi kwenye mashua, jina lake halimo kwenye jina la mmea.

Nirudi kwenye kipindi changu, maana ndicho kinachoniuma.

Kila aliyesoma historia hapa anaikumbuka mikataba mitatu ya kukomesha biashara ya watumwa: Moresby 1822, Hamerton 1845, Frere 1873. Tunaikariri kama shairi. Niliiandika ubaoni hivyo hivyo, nikapigia mstari. Kumbe Frere alifika Zanzibar mwanzoni mwa 1873 akashindwa. Sultani Barghash alikataa kutia saini, na Frere akaondoka mikono mitupu. Aliyebaki kumaliza kazi ni Kirk. Barghash hakuwa na pa kusimamia: kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeangusha minazi na mikarafuu ya Unguja, na biashara yake yote ilipita baharini. Kirk akapewa amri kutoka London amwambie kwamba asipotia saini, manowari zitaziba bandari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia saini. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na baadaye likajengwa juu yake kanisa la Waanglikana ambalo leo wageni hulipiga picha.

Ukisoma hapo unaweza kumwona Kirk kama shujaa. Mimi sikuweza kuishia hapo, kwa sababu ya mwanafunzi mmoja wa dawati la nyuma. Aliuliza, je, waliokuwa tayari kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ilikuwaje? Nikajibu kwa ujasiri wote wa mwalimu mwenye tai ya kuazima kwamba waliachiwa huru. Nikafuta ubao, kengele ikalia.

Hawakuachiwa. Mkataba ulizuia kusafirisha watu kwa bahari na kuwauza sokoni. Kumiliki mtu kuliendelea kuwa halali Zanzibar hadi 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na bwana ndiye aliyelipwa fidia. Kirk alikuwa ameshaondoka muda mrefu. Yule binti wa kidato cha pili aliuliza swali linalozidi kitabu, mimi nikamfunga mdomo kwa uongo, ingawa sikujua kuwa ni uongo.

Miaka ya mwisho ya Kirk Zanzibar ni ya kusikitisha. Kwa miaka mingi alikuwa mshauri wa karibu wa Barghash, akimsaidia kuimarisha madai yake bara. Mwaka 1885 Wajerumani wakaja na mikataba ya Karl Peters, kisha na manowari, na London ikaamua kutogombana na Berlin. Kirk akaamriwa amshawishi rafiki yake akubali kuachia. Akatii. Mwaka uliofuata akaondoka Zanzibar, na Barghash akafariki 1888. Mimi naona hapo ndipo alipojulikana alikuwa nani: mtu aliyeyapenda maeneo haya kweli na akaitumikia serikali yake kuliko alivyoyapenda. Alifariki Uingereza mwaka 1922, akiwa na miaka 89, macho yake yakiwa karibu yamepofuka.

Mwenzangu wa chumba ana habari moja zaidi. Siku hizi wataalamu wameihamishia mimea yote ya Sansevieria kwenye jenasi ya Dracaena, na huu wangu sasa unaitwa Dracaena pethera. Kirk ametolewa. Kwenye mkataba aliandikwa Frere, na kwenye mmea sasa hayumo tena.

Nimemwandikia mwalimu wa somo wa shule ile, nimeeleza kosa langu na nimemwomba awasomee darasani, hasa yule wa dawati la nyuma. Bado hajajibu, huenda wako kwenye mitihani. Mmea nao umetoa chipukizi pembeni na kopo limeanza kuvimba. Nimeliparua kwa kisu pamoja na mizizi yake, nimeliacha siku tatu likauke jeraha, kisha nimelipanda kwenye kopo la maziwa ya unga. Likishika, nitalipeleka shuleni likizo hii.