Mfahamu Richard St. Barbe Baker, aliyepiga ngoma ili miti ipandwe

Hapa kwetu Newala na Masasi jambo lisilo na ngoma ni kama halijatokea. Watoto wakitoka jandoni ni ngoma, mwali akitolewa ni ngoma, korosho zikipata bei nzuri nako hakukosekani ngoma. Kwa hiyo tunaamini wasikilizaji wetu watamwelewa haraka mtu tunayemweleza leo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita alitaka watu wapande miti, akaona njia ya kuwapata ni kuwaita ngomani.

Jina lake ni Richard St. Barbe Baker. Tumemchagua kwa sababu maneno "nyayo za kaboni" siku hizi yanasikika sana, na wengi wanabaki wakijiuliza yanamhusu nani. Maisha ya mzee huyu yanasaidia kulijibu hilo.

Alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miche, hivyo Richard alikua akishika jembe dogo na kumwagilia maji. Akiwa kijana alikwenda Kanada kusoma Saskatoon, na huko akafanya kazi kwenye kambi za wakata magogo. Aliona miti mikubwa ikiangushwa na sehemu yake ikiachwa ioze, na kwenye tambarare aliona wakulima wakifyeka kila kitu hadi upepo ukawa unabeba udongo. Vita Kuu ya Kwanza ilimjeruhi. Alipopona alisomea misitu Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka 1920 akatumwa Kenya kuwa ofisa msaidizi wa misitu.

Kenya aliyoikuta ilikuwa inafyekwa kwa kasi. Walowezi walikuwa wanafungua mashamba makubwa nyanda za juu, na treni ya reli ya Uganda ilikuwa inakula kuni za misitu hiyo hiyo. Wakikuyu, ambao ardhi yao nyingine ilikuwa imeshachukuliwa, walibanwa kwenye eneo dogo, wakawa wanalima na kuhama ndani ya nafasi isiyotosha kuhama. Hapa lazima tuseme wazi: Baker alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo ya kikoloni. Tofauti yake na wengi wenzake ni kwamba hakuanza na faini wala askari wa msitu. Alianza kwa kukaa na wazee na kuuliza.

Wazee walimjibu kwamba miti ni shauri la Mungu, yeye ndiye anayeipanda. Naye akawaeleza kwamba Mungu hupanda kwa mbegu za miti mikubwa, na mti mama ukishakatwa mbegu haipo tena. Kisha akaona jambo ambalo mtu wa ofisini asingeliona. Watu wale walikuwa na ngoma ya kupanda maharage na ngoma ya kuvuna, lakini hawakuwa na ngoma ya miti. Akaomba itungwe. Kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, ambaye mwanawe Charles alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya huru, vijana walialikwa Muguga tarehe 22 Julai 1922. Kulikuwa na zawadi ya ng'ombe dume aliyenona kwa kijana atakayependeza zaidi, na shanga kwa binti. Walikuja kama 3,000. (Zawadi ya ng'ombe ingewaleta wengi hata hapa Kitangari.)

Wa kwanza kuchaguliwa walikuwa 50. Waliahidi mbele ya wazee kupanda miti 10 ya asili kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Wakajiita Watu wa Miti, kwa Kiswahili hiki hiki chetu, na jina hilo lilipofika Uingereza likatafsiriwa kuwa Men of the Trees. Miche ya mtarakwa na mizeituni ya mwituni iliwekwa katikati ya mahindi, ili mkulima apalilie chakula na mti kwa jembe moja.

Wakati ule Baker alizungumzia maji na udongo. Neno nyayo za kaboni halikuwepo. Lakini alichokuwa anakitazama pale Muguga ndicho wataalamu wanachokipima leo. Nyayo za kaboni ni jumla ya gesijoto zinazotoka hewani kwa sababu ya maisha ya mtu, kijiji au nchi: safari zake, mapishi yake, shamba lake, vitu anavyonunua. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ukiuchoma, kila kilo 1 ya kaboni inashika oksijeni na kuwa kilo 3.7 hivi za hewa ukaa. Ndiyo maana hata lita 1 ya petroli, ambayo haifiki kilo 1, hutoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa.

Sasa tuchukue bodaboda wa Masasi mjini anayetumia lita 3 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi anatoa tani 2 za hewa ukaa. Miti 10 ya yule kijana wa Muguga, kila mmoja ukishafikia kilo 100 za mbao kavu, itakuwa imeshika kama tani 1.8. Lakini itachukua miaka mingi kufika hapo, wakati petroli inaungua ndani ya mwaka mmoja. Hesabu hii inatuambia kwamba mche uliopandwa jana haulipii mti mzima uliokatwa leo. Baker alilijua hilo kwa macho, bila kikokotoo, na ndiyo sababu ahadi ya Watu wa Miti ilikuwa na sehemu ya pili, ile ya kutunza miti iliyopo.

Kwetu sehemu hiyo ya pili ndiyo nzito zaidi. Kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe, Mtanzania wa kawaida hutoa chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka, wakati Mmarekani hutoa zaidi ya tani 13. Hatuoni haki mkulima wa Newala kuambiwa yeye ndiye aliyeiharibu dunia. Ila sehemu kubwa ya gesijoto za Tanzania inatokana na misitu inayokatwa na ardhi inayobadilishwa matumizi, na hilo linatokea mbele yetu. Tanuri la kawaida la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 tu ya mkaa. Vichaka vinafyekwa kwa ajili ya ufuta, vinachomwa, na baada ya misimu michache mtu anasogea mbele.

Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto. Wazee wetu walishuka makorongo kufuata maji, na hadi leo maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka bondeni. Anayesimama Shimo la Mungu na kutazama bonde la Ruvuma anaona wazi kwamba kichaka cha juu ndicho kinachoshika udongo usiteremke. Kwa hiyo jiko banifu, tanuri bora, mkorosho mzee kupandiwa miche mipya ya Naliendele shambani palepale badala ya kufungua pori jipya, na mpingo kuachwa ukomae kabla ya mchongaji kuufikia, hayo yana faida kwetu hata kama dunia isingekuwa na habari ya kaboni. Na kinyago cha mpingo kinachokaa sebuleni bila kuungua kinaendelea kuishika kaboni yake, jambo ambalo wachongaji wetu wana haki ya kujivunia.

Baker hakudumu Kenya. Katika simulizi za maisha yake anaeleza kwamba aliingia kati ofisa mmoja alipotaka kumpiga Mwafrika, na pigo likampata yeye. Baada ya hapo alihamishiwa Nijeria kwenye misitu ya mikangazi, kisha akaacha utumishi akawa mtu wa kuzunguka. Alifanya kampeni Marekani kuokoa miti mirefu ya California. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 63, alianza safari ya gari kuvuka Sahara hadi Afrika Mashariki, akarudi na wazo la kuzuia jangwa kwa ukuta wa miti. Wakubwa wengi waliliona ni ndoto. Mwaka 2007 Umoja wa Afrika ulianzisha mpango wa Ukuta Mkubwa wa Kijani, wenye wazo lilelile.

Uzeeni alihamia New Zealand, na mwaka 1963 alipanda farasi zaidi ya kilometa 1,500 kwenda shule kwa shule kuwaeleza watoto habari za miti. Chama chake sasa kinaitwa International Tree Foundation na bado kinafanya kazi na vijiji vya Kenya.

Juni 1982 alirudi Saskatoon, mji aliosomea ujanani, akapanda mti wake wa mwisho. Siku chache baadaye, tarehe 9, alifariki akiwa na miaka 92. Pembeni mwa mji huo kuna msitu uliopandwa kwa mikono ya watu kwenye tambarare iliyokuwa tupu, nao unaitwa kwa jina lake.