Mary Lamb: Alimuua mamake, kisha akawaandikia watoto hadithi

Ukisikia mtu ameua mzazi, najua unawaza nini kwanza: bangi, shamba, ama mapepo. Sasa tulia kidogo nikuambie kuhusu Mary Lamb.

Alizaliwa London mwaka wa 1764. Kufikia 1796 alikuwa fundi wa kushona nguo za wanawake, na nyumba nzima ilikuwa mgongoni mwake. Mamake hakujiweza, babake alikuwa ameanza kupotelewa na akili kwa uzee. Mchana sindano, usiku kumhudumia mama. Hebu niambie, wewe ungedumu wiki ngapi?

Septemba 22 mwaka huo, chakula kikiandaliwa, Mary alishika kisu cha meza na kuanza kumfukuza msichana aliyekuwa akimfunza kushona. Mama akamkemea aache. Kisu kikamgeukia yeye, akafa papo hapo. Baba aliumizwa kichwani kwa uma. Aliyempokonya kisu ni nduguye mdogo Charles, kijana wa miaka 21 tu.

Waliochunguza kifo hicho waliamua Mary alishikwa na wazimu, kwa hivyo hakufungwa wala kunyongwa. Lakini angeozea hospitali ya vichaa kama si Charles kuahidi kumtunza. Na manze, Charles alikuwa karani tu wa East India Company, naye pia alikuwa amelazwa hospitali kama hiyo miezi michache awali! Alimtunza kweli. Hakuoa.

Usidhani Mary alikuwa mtu wa kutisha kila siku. Ugonjwa wake ulikuja na kwenda. Akiwa mzima alikuwa mpole, mwenye busara, na waandishi wakubwa walipenda kwenda kwao kupiga gumzo. Dalili alizijua mwenyewe. Zikianza, yeye na Charles walishikana mikono wakatembea hadi hospitalini wakilia, wamebeba lile koti la kumfunga mikono.

Mwaka wa 1807 walitoa Tales from Shakespeare, kitabu ambacho hadi leo kinasomwa. Kina hadithi 20, na 14 ni za Mary. Jina lililochapishwa? La Charles peke yake. Hapo ndipo mimi hukasirika.

Charles alifariki 1834. Mary aliishi zaidi ya miaka 12 baadaye, akitunzwa, kisha akazikwa Edmonton, kaburi moja na nduguye.