William Bateson: Mfugaji wa kuku aliyeipa jina sayansi ya urithi

UKITOKA mjini Rumonge kuelekea Nyanza-Lac, ukifika Kigwena utaona kuku wakichakura chini ya michikichi. Wengi ni wa kienyeji: wepesi, wavumilivu wa maradhi, lakini nyama yao ni chache. Ndiyo sababu mfugaji mwenye uwezo, Burundi kama kwingineko Afrika Mashariki, hutafuta jogoo mkubwa wa kisasa awapande tetea wake. Vifaranga wa kwanza hutoka wazuri, hukua upesi na hufanana. Mfugaji hufurahi, akamwacha mmoja wao awe jogoo wa mbegu. Uzao unaofuata humvunja moyo: huyu mkubwa, yule mdogo kama bibi yake, wa tatu hafanani na yeyote. Wapo wanaosema ni bahati mbaya, na wapo wanaosema ni mkono wa mtu.

Mtu aliyeonyesha kwamba jambo hilo lina hesabu yake alikuwa Mwingereza, William Bateson. Aliipata hesabu hiyo kwa kuchanganya kuku nyumbani kwake.

Bateson alizaliwa Whitby, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 8 Agosti 1861. Baba yake alikuwa mkuu wa Chuo cha St John's, Cambridge. Shuleni Rugby walimu walimwona kijana asiye na mwelekeo, na hisabati ilimpa taabu hata chuoni. Lakini alipofikia elimu ya viumbe alifaulu kwa daraja la kwanza. Mwaka 1886 alisafiri mpaka nyika za Asia ya Kati, pande za Bahari ya Aral, akakusanya makome kutoka maziwa yenye chumvi nyingi na yenye chumvi kidogo, ili aone kama maji hubadilisha maumbile ya viumbe. Mwaka 1894 alitoa kitabu kikubwa kuhusu tofauti baina ya viumbe. Humo alidai kwamba tofauti nyingi hutokea kwa kuruka, wala si kidogo kidogo kama wengi walivyofundisha wakati ule.

Madai hayo hayakumpatia kazi. Kwa miaka mingi hakuwa na kiti cha kudumu cha ualimu wa chuo kikuu. Sehemu ya riziki yake ilitokana na usimamizi wa jiko la chuo chake. Mwaka 1896 alimwoa Beatrice Durham, wakahamia kijiji cha Grantchester karibu na Cambridge. Ua wao ukajaa mabanda ya kuku. Bateson aliwachanganya kuku wa aina mbalimbali, na mkewe alimsaidia kuwatunza na kuandika habari za kila uzao.

Mwaka 1900 wataalamu wa Ulaya waliifufua makala ya Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere huko Brünn na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866 bila watu kumjali. Bateson alipoisoma alitambua kwamba kuku wake walikuwa wanasema jambo lilelile. Mwaka 1902, pamoja na Edith Rebecca Saunders, mwalimu wa mimea katika Chuo cha Newnham, alitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kanuni za njegere zinafanya kazi kwa kuku pia. Mwaka huohuo Mfaransa Lucien Cuénot alionyesha hivyo kwa panya.

Mfano uliomletea sifa ni wa upanga, ile nyama nyekundu kichwani mwa jogoo. Kuku wenye upanga mpana wa vinundu walipochanganywa na wenye upanga mdogo wa mistari mitatu, watoto wote walipata upanga wa aina nyingine kabisa, uliokunjamana kama kokwa. Watoto hao walipozalishwa wao kwa wao, wajukuu walitawanyika: kwa kila kuku 16, kwa wastani 9 walikuwa na upanga wa kokwa, 3 wa vinundu, 3 wa mistari, na 1 alikuwa na upanga wa kawaida wenye meno, ambao hakuna babu wala bibi aliyekuwa nao. Ulikuwa umejificha katika damu.

Hapo ndipo lilipo jibu la mfugaji wa Kigwena. Watoto wa mchanganyiko wa kwanza hufanana kwa sababu kila mmoja amepata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Hao wakizaliana, nusu hizo hugawanyika upya kama karata. Upanga huongozwa na vitu viwili tu. Uzito wa nyama huongozwa na vingi, kwa hiyo mtawanyiko wake ni mkubwa zaidi.

Mafanikio yalimletea uadui. Walter Weldon, aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, alimpinga hadharani, na mwaka 1904 walikabiliana katika mkutano wa wanasayansi Cambridge. Weldon alifariki mwaka 1906 wakiwa hawajapatana. Fedha za utafiti nazo zilikuwa haba, na kazi nyingi ilibebwa na wanawake wa Newnham, ambao Cambridge ilikuwa bado haiwapi shahada.

Mwaka 1905 Bateson alibuni kwa Kiingereza, kutoka Kigiriki, jina la sayansi hiyo mpya ambayo leo tunaiita jenetiki. Mwaka 1908 alipata uprofesa, na mwaka 1910 akawa mkurugenzi wa Taasisi ya John Innes, kusini mwa London. Hakukosa makosa. Kwa miaka mingi alikataa kwamba urithi hubebwa na kromosomu, mpaka alipokwenda Marekani kujionea kazi ya Thomas Hunt Morgan. Nyumbani misiba ilimfuata: mwanawe John aliuawa vitani mwaka 1918, na Martin alijiua mwaka 1922. Gregory, aliyepewa jina kwa heshima ya Mendel, ndiye aliyebaki, akawa mwanaanthropolojia mashuhuri. Bateson alifariki tarehe 8 Februari 1926.

Miongoni mwa kuku aliowatumia Grantchester walikuwamo wale walioitwa Indian Game, wenye kifua kipana, ambao Wamarekani waliwaita Cornish. Mwaka 1948 mashindano ya kitaifa ya kumtafuta kuku bora wa nyama yalifanyika Marekani, na mshindi, Charles Vantress wa California, alikuwa amemchanganya Cornish na New Hampshire. Kuku wa nyama wanaouzwa leo duniani wanatokana kwa sehemu kubwa na njia hiyo: koo za wazazi hutunzwa mbalimbali, na anayeliwa ni mtoto wa mchanganyiko, asiyewekwa kwa mbegu.

Kwa mwenye tetea kumi pwani ya Tanganyika, utaratibu ni huohuo kwa kipimo kidogo. Jogoo mkubwa anunuliwe au aazimwe, na machotara wake wauzwe sokoni au waliwe. Tetea wa kienyeji wabaki na kundi lao na jogoo wao, ili mbegu isipotee. Wenye shingo tupu, wanaoitwa kishingo, wasidharauliwe: shingo hiyo huongozwa na kitu kimoja tu, hujitokeza tangu uzao wa kwanza, na humsaidia kuku kustahimili joto la ziwani. Tena kiwepo daftari la kuandika nani kazaa na nani, kama lilivyokuwepo kwenye ua wa Grantchester.